Mungu kweli, mtu kweli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu asili mbili za Kristo

Anayesali Nasadiki kila Dominika, au Salamu Maria kabla ya kulala, ana mdomoni maneno ambayo watu walihamishwa miji kwa ajili yake, na mtawa mmoja mzee akakatwa ulimi. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi kila somo hili linapofundishwa. Mengine yameulizwa na Wakristo, mengine na Waislamu, na machache na watu waliochoka na dini zote.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya nini?

Yule aliyelala usingizi mashuani, aliyelia kwenye kaburi la Lazaro, aliyesema msalabani "Naona kiu", alikuwa nani? Ukisema ni Mungu, utaulizwa Mungu anaonaje kiu. Ukisema ni mtu tu, utaulizwa mbona basi mnamwabudu.

Watu huchanganya magomvi mawili yaliyofuatana. La kwanza, la karne ya 4, liliuliza kama Mwana ni Mungu kamili sawa na Baba. La pili lilipamba moto karne ya 5. Hilo lilikwisha kukubali kwamba ni Mungu kamili na mtu kamili, likauliza hayo mawili yanakaaje katika mmoja. Arius ni wa ugomvi wa kwanza, Nestorius wa pili. Ukiwatia kapu moja hutaelewa lolote.

Arius alifundisha nini?

Alikuwa padri wa Aleksandria, Misri, na si mtu wa mchezo: msomi, mhubiri mzuri, anayefunga sana. Alitaka kulinda umoja wa Mungu. Kama Mungu ni mmoja asiye na chanzo, basi Mwana, kwa kuwa ana Baba, ana chanzo. Na mwenye chanzo ni kiumbe, hata akiwa kiumbe wa kwanza na bora kupita vyote. Msemo wake uliotangaa ni kwamba "palikuwa ambapo hakuwako". Mwanahistoria Philostorgius, aliyekuwa wa upande huohuo, anasimulia kwamba Arius alitunga nyimbo za mabaharia, za wasaga nafaka na za wasafiri, mafundisho yake yakaenea kwa tuni.

Alitegemea Maandiko. "Baba ni mkuu kuliko mimi" ya Yohana 14:28 iko wazi kwa kila msomaji. Aya yake nyingine kubwa, Mithali 8:22, msomaji wa Biblia ya Kiswahili anaweza kuipita bila kushtuka. Biblia ya Union inasema, "Bwana alikuwa nami katika mwanzo wa njia yake." Tafsiri ya Kigiriki iliyosomwa Aleksandria ilisema Bwana *aliniumba*, na anayenena ni Hekima, ambaye pande zote mbili zilimsoma kuwa ni Kristo. Athanasius, askofu wa Aleksandria aliyempinga Arius, alitumia kurasa nyingi kuijibu aya hiyo moja.

Je, ni kweli mtaguso wa Nikea, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulipiga kura Yesu awe Mungu?

Hapana. Hili limeenea mno mitandaoni, na halina mguu wa kusimamia. Miaka ipatayo 200 kabla ya Nikea, Plinius, gavana wa Kirumi, alimwandikia Kaisari kwamba Wakristo hukutana alfajiri wakimwimbia Kristo "kama kwa mungu". Arius mwenyewe hakukataa kumwita Mwana Mungu. Alichokataa ni kwamba ni Mungu kwa namna ileile ya Baba.

Kilichofanyika mwaka 325 huko Nikea, mji uitwao leo İznik nchini Uturuki, ni maaskofu kutafuta neno ambalo wafuasi wa Arius wasingeweza kulimeza. Kila aya iliyotajwa waliweza kuieleza kwa njia yao. Hatimaye likachaguliwa *homoousios*, yaani wa uwamo (vile kitu kilivyo hasa) uleule, ambalo Nasadiki ya Wakatoliki inasema "mwenye umungu mmoja na Baba". Neno hilo halimo katika Biblia, na jambo hilo liliwasumbua hata wengi waliotia sahihi. Mapokeo yanahesabu maaskofu 318, idadi inayofanana mno na ile ya watumishi wa Abrahamu katika Mwanzo 14:14 hata mtu akaanza kuitilia shaka. Waliokataa hadi mwisho walikuwa wawili, Secundus na Theonas, wote wa Libya.

Na vitabu vya Biblia, vilichaguliwa Nikea?

Hapana.

Waligombana kweli kwa sababu ya herufi moja?

Wanaocheka Ukristo hupenda hili: *homoousios*, wa uwamo uleule, na *homoiousios*, wa uwamo unaofanana, yametengwa na iota moja, herufi *i* ya Kigiriki. Neno la pili lilipata nguvu miaka ya 350, na wengi waliolishika walikuwa watu wa kati waliorudi baadaye upande wa Nikea.

Lakini herufi moja si kitu kidogo, na Mswahili hahitaji Kigiriki kulijua hilo. Weka *aliyeumba* kando ya *aliyeumbwa*. Tofauti ni *w* peke yake, na ndani ya *w* hiyo umo ugomvi mzima wa Arius. Ndiyo maana Nasadiki inatamka "aliyezaliwa bila kuumbwa", kisha inaongeza mara moja kwamba vitu vyote vimeumbwa naye.

Kama Nikea iliamua, mbona vurugu ziliendelea?

Kwa sababu makaisari walibadilika. Constantine aliyeitisha mtaguso ule alibatizwa akiwa kitandani mwa mauti mwaka 337, na aliyembatiza, Eusebius wa Nikomedia, alikuwa rafiki wa Arius. Mwanawe Constantius II aliegemea upande wa waliopinga neno la Nikea. Athanasius alikuwa askofu wa Aleksandria kwa miaka 45, na miaka 17 hivi kati ya hiyo aliishi uhamishoni au mafichoni, kwa kufukuzwa mara 5.

Ugomvi ulifika hata Afrika ya kusini mwa Misri. Athanasius alikuwa amemweka Frumentius, yule Waethiopia wanayemwita Abba Salama, kuwa askofu wa Aksum. Constantius akamwandikia mfalme Ezana kumtaka Frumentius arudishwe Misri akachunguzwe imani upya. Inaelekea Aksum haikujishughulisha naye.

Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ndio ulioufunga mlango huu ndani ya dola. Wagothi na Wavandali waliendelea na imani ya Kiario kwa muda mrefu baadaye.

Apollinaris naye ni nani?

Askofu wa Laodikia ya Shamu, mtetezi mkali wa Nikea, aliyevuka mpaka kwa upande wa pili. Alisema katika Kristo Neno wa Mungu alichukua nafasi ya akili ya kibinadamu: mwili wa mtu, akili ya Mungu. Gregorius wa Nazianzo alimjibu kwa sentensi ambayo haijapitwa: kisichotwaliwa hakikuponywa. Kama Kristo hakuwa na akili ya mtu, basi akili zetu, ambazo ndizo zilizotangulia kutenda dhambi, zimeachwa nje ya wokovu. Kumbuka jina la Apollinaris. Atarudi kwa mlango wa nyuma.

Ugomvi wa "Mama wa Mungu" ulianzaje?

Mwaka 428 Nestorius, mtawa kutoka Antiokia, alifanywa askofu mkuu wa Konstantinopoli. Alikuta watu wakimwita Maria *Theotokos*, aliyemzaa Mungu. Akaona ni hatari: Mungu hazaliwi na mwanamke, wala hawi mtoto wa miezi miwili au mitatu. Alipendelea waseme *Christotokos*, aliyemzaa Kristo, kwa kuwa Kristo ndilo jina linalobeba yote mawili, uungu na ubinadamu. Shule ya Antiokia ilikuwa na desturi ya kutenga kwa uangalifu: kulia, kuona njaa na kufa ni mambo ya mtu, kufufua wafu na kutuliza bahari ni ya Mungu.

Cyril, askofu wa Aleksandria, alilishika hilo kwa meno. Kama aliyezaliwa na Maria si Mungu Neno mwenyewe, basi aliyekufa msalabani naye ni mwingine, na msalaba haukuokoa mtu. Kwake hapakuwa na wawili waliokaa pamoja kama wapangaji wa nyumba moja. Alikuwapo mmoja, Neno, aliyeutwaa ubinadamu ukawa wake.

Hapa lazima kusema na yasiyopendeza. Aleksandria ilikuwa haijaizoea Konstantinopoli, mji mpya uliopewa heshima juu yake, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Mjomba wa Cyril, Theophilus, alikuwa amemwangusha askofu wa Konstantinopoli, Yohane Krisostomo, mwaka 403. Sasa Cyril alimkabili Nestorius, na mrithi wake Dioscorus angemkabili Flavianus, naye askofu wa Konstantinopoli, mwaka 449. Mara 3 katika miaka isiyofika 50.

Mtaguso uliitwa Efeso mwaka 431. Cyril aliufungua tarehe 22 Juni bila kuwasubiri maaskofu wa Antiokia waliokuwa bado njiani, na siku hiyohiyo Nestorius akavuliwa cheo. Usiku watu wa Efeso waliwasindikiza maaskofu kwa mienge na uvumba hadi walikofikia. Siku chache baadaye Yohane, askofu wa Antiokia, akawasili, akafanya mkutano wake, akamvua Cyril cheo. Kaisari Theodosius II akawaweka wote wawili chini ya ulinzi. Cyril akachomoka na kurudi kwake, na orodha ya zawadi zilizopelekwa kwa wakuu wa jumba la kifalme imebaki hadi leo: dhahabu, mazulia, viti vya pembe za ndovu. Mtu anaweza kuwa na hoja nzuri na mikono michafu kwa wakati mmoja.

Haki ya Cyril ni kwamba mwaka 433 alikubali kupatana na Antiokia, akatia sahihi maneno ambayo wafuasi wake wenye msimamo mkali waliyaona ni kusalimu amri. "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee" imetoka katika ushindi wa Efeso. Mapatano ya 433 ndiyo yaliyoufanya ushindi huo uvumilike.

Kwa hiyo Nestorius hakuwa mzushi?

Alihukumiwa kwa fundisho la "Kristo wawili", na mwenyewe alikana maisha yake yote kwamba aliwahi kulifundisha. Alipelekwa uhamishoni jangwani Misri, yaani katika nchi ya adui yake, na huko akaandika utetezi mrefu. Maandishi hayo yalipotea karne na karne, yakapatikana kwa Kisiria mwishoni mwa karne ya 19 na kuchapwa mwaka 1910. Anayeyasoma anakutana na mtu aliyesema vibaya zaidi kuliko alivyoamini. Mhubiri asiyejua kunyamaza, kwa kweli. Lakini hata katika utetezi huo haelezi vizuri kwa nini Kristo ni mmoja, na hilo ndilo alilolishika Cyril tangu mwanzo.

Kalsedonia iliamua nini?

Kwanza alikuja Eutyches, mtawa mzee wa Konstantinopoli, aliyesema kabla ya muungano palikuwa na asili mbili, baada yake moja tu. Flavianus alimhukumu. Mwaka 449 Dioscorus aliongoza mtaguso mwingine Efeso uliomrudishia Eutyches heshima na kumwangusha Flavianus katikati ya askari na watawa wenye fujo. Flavianus akafa muda mfupi baadaye. Barua ya Papa Leo, iliyoandikwa kwa ajili ya kikao hicho, haikusomwa. Leo aliuita mkutano ule wa wanyang'anyi, na jina likaganda.

Mwaka 450 Theodosius II alianguka kutoka kwenye farasi akafa. Dada yake Pulcheria na mumewe mpya, Marcianus, wakaitisha mtaguso Kalsedonia, ng'ambo ya mlangobahari wa Konstantinopoli, palipo leo mtaa wa Kadıköy wa Istanbul. Ulianza Oktoba 451 katika kanisa la Mtakatifu Euphemia.

Vitabu vingi huandika kwamba barua ya Leo iliposomwa wote walipaza sauti, "Petro amesema kwa kinywa cha Leo!" Walipaza kweli. Lakini maaskofu wa Iliriko na Palestina walisita kwa baadhi ya mistari, wakapewa siku za kuilinganisha na maandishi ya Cyril kabla ya kuikubali. Kipimo cha Kalsedonia kilikuwa Cyril, jambo ambalo pande zote mbili husahau.

Kisha ukaja ugomvi wa kihusishi kimoja. Rasimu ya kwanza ilisema Kristo ni *kutoka katika* asili mbili. Dioscorus alikuwa amekwisha kusema hilo analikubali, lakini "mbili" zenyewe hazikubali, kana kwamba baada ya kuungana huwezi tena kuhesabu. Wajumbe wa Leo wakatishia kuondoka, maofisa wa Kaisari wakawauliza maaskofu kama wako na Leo au na Dioscorus. Tamko la mwisho likasema: Kristo mmoja, ajulikanaye *katika* asili mbili, bila kuchanganyika, bila kugeuka, bila kugawanyika, bila kutenganishwa, zote zikikutana katika nafsi moja.

Tazama maneno manne yale. Hayasemi muungano *ukoje*, yanasema usivyokuwa. Mawili ya kwanza yanamzuia Eutyches, mawili ya mwisho yanamzuia Nestorius, na katikati pameachwa wazi.

Kwa nini maneno "asili" na "nafsi" yanatatiza hivi?

Kwa sababu hata Wagiriki hawakukubaliana nayo. *Physis* kwa mtu wa Antiokia ilikuwa jumla ya sifa zinazokifanya kitu kiwe kilivyo. Kwa Cyril mara nyingi ilikaribia kuwa yule mwenyewe aliye hai anayetenda. Kwa hiyo mmoja akisema "mbili" mwenzake alisikia watu wawili, na mwenzake akisema "moja" huyu alisikia mchanganyiko, kama maziwa ndani ya chai.

Msemo alioupenda Cyril, "asili moja ya Mungu Neno iliyofanyika mwili", aliupokea akiamini ni wa Athanasius. Ulikuwa wa Apollinaris, uliokuwa ukizunguka kwa jina la Athanasius. Huo ndio mlango wa nyuma.

Kiswahili nacho kina mitego yake. Ukisema "asili yake ni Pemba" unataja mtu alikotoka, na wapo wanaosikia "asili mbili" wakadhani ni chimbuko mbili. "Nafsi" nayo katika mazungumzo ya kila siku ni roho au moyo wa mtu: nafsi yangu imekataa. Katika fundisho hili *asili* inajibu "ni nini?" na *nafsi* inajibu "ni nani?" Ukimwuliza Kristo wa Kalsedonia ni nini, majibu ni mawili, ukiuliza ni nani, ni mmoja.

Wakopti na Waethiopia wanaamini asili moja tu?

Wanakataa kuitwa hivyo, na wana haki. Kanisa la Kikopti, la Ethiopia, la Eritrea, la Armenia, la Kisiria na la Malankara, India, hayakuipokea Kalsedonia, lakini yanamlaani Eutyches kama wengine. Wanashika msemo wa Cyril: asili moja *iliyoungana*, uungu kamili na ubinadamu kamili ndani yake. Waethiopia wameliweka hilo katika jina la kanisa lao, *Tewahedo*, lililofanywa kuwa moja. Mswahili aliyezoea kusikia *tauhidi* na *wahedi* hana haja ya kufasiriwa. Mzizi ni uleule wa Kisemiti.

Utengano haukuwa wa siku moja. Mwaka 457 umati wa Aleksandria ulimwua Proterius, patriaki aliyewekwa na upande wa Kalsedonia. Karne ya 6 Yakobo Baradaeus alizunguka Shamu na Asia Ndogo akiwawekea mikono mapadri kwa siri, na Nubia ikapokea wamisionari wa pande zote mbili wakishindana.

Waliobaki na Nestorius walikwenda wapi?

Swali limepinda kidogo. Kanisa la Mashariki, lililokuwa ndani ya dola ya Uajemi, lilijitangazia uongozi wake katika sinodi, yaani mkutano wa maaskofu wake, ya mwaka 424, miaka 7 *kabla* ya Efeso. Nestorius hakuwa mwanzilishi wake. Lilimheshimu baadaye pamoja na walimu wengine wa Antiokia. Katika sinodi ile ya 424 alikuwapo askofu wa Mazun, jina la zamani la Oman. Kanisa hilo lilifika China, ambako jiwe lake la mwaka 781 lipo Xi'an hadi leo, na lilikuwa na waumini Sokotra. Mfanyabiashara Cosmas wa Aleksandria anaeleza katika karne ya 6 kwamba mapadri wa kisiwa hicho walitoka Uajemi. Mwaka 1542 Francis Xavier, merikebu yake ikitoka Malindi, alitua Sokotra akakuta watu wakijiita Wakristo, viongozi wao wakisoma sala kwa lugha ambayo wenyewe hawakuielewa tena.

Uislamu ulipotokea, ugomvi ulikuwa umekwisha?

La. Kaisari Heraclius alikuwa anatafuta namna ya kuwaunganisha Wakristo waliogawanyika juu ya Kalsedonia, na mwaka 638 akatangaza kwamba Kristo ana utashi mmoja. Majeshi ya Waarabu yaliingia Misri mwaka uliofuata. Patriaki wa Wakopti, Benyamini, aliyekuwa mafichoni akiwakimbia watu wa Kaisari, alirudi Aleksandria kwa hati ya amani ya Amr ibn al-As. Kusema Wakopti waliwafungulia Waarabu milango ni kutia chumvi. Kusema hawakuwa na sababu ya kumlilia Kaisari ni kweli tupu.

Aliyeupinga utashi mmoja ni mtawa Maximus. Kule Gethsemane Kristo alisema "si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe". Kama hakuwa na utashi wa kibinadamu, ni nani aliyetii? Alikatwa ulimi na mkono wa kulia, akafa uhamishoni mwaka 662. Mtaguso wa Konstantinopoli wa 680 hadi 681 ulifundisha alichofundisha, bila kumtaja jina.

Leo hii mgawanyiko huo unaonekana wapi?

Nairobi. Wakopti wana kanisa na hospitali yao Barabara ya Ngong, na wako chini ya Papa wa Aleksandria. Waorthodoksi wa Kenya walio wa upande ulioipokea Kalsedonia, ambao seminari yao iko Riruta na ina jina la Askofu Mkuu Makarios III wa Kupro, nao wako chini ya Papa wa Aleksandria. Ni mapapa wawili, kila mmoja akihesabu urithi wake hadi kwa Marko Mwinjili, na orodha zao zinaachana baada ya Dioscorus.

Mazungumzo yapo. Mwaka 1973 Papa Paulo VI na Shenouda III wa Wakopti walitia sahihi tamko moja juu ya Kristo, na mwaka 1994 Yohane Paulo II alifanya hivyo na Mar Dinkha IV wa Kanisa la Mashariki. Mwaka 1990 wajumbe wa Waorthodoksi wa pande zote mbili za Kalsedonia waliandika kwamba imani yao ni ileile na kupendekeza laana za zamani ziondolewe. Hadi sasa mtu wa Riruta na mtu wa Barabara ya Ngong hawakomuniki altare moja.